Yakishatiwa Kostiki, Si Maziwa Tena



 Katika ukumbi wetu wa juma hili tumeazimia kulizungumzia jambo ambalo limeanza kuingia katika majiko yetu hapa Pwani, nalo ni utengenezaji wa sabuni ya kuogea kwa mikono, hasa ile inayotumia maziwa mahali pa maji. Yupo anayeuliza kwa nini sabuni yake iligeuka rangi ya kahawia na kutoa harufu ya kuungua. Yupo anayetaka kujua kama maziwa ya mbuzi yanayashinda ya ng'ombe. Yupo pia anayetafuta biashara ndogo ya kumsaidia kulipa karo ya watoto. Yote ni maswali mema, na yanastahiki majibu yenye kipimo.

Jibu letu la awali ni kwamba jambo hili linawezekana, na sabuni inayotoka ni nzuri, laini na yenye povu zito. Hata hivyo, kuna neno moja ambalo tungependa kila mama alishike kabla hajashika mwiko: tangu dakika ile maziwa yanapotiwa kostiki, si maziwa tena. Jicho litaendelea kuyaona meupe bakulini, na ulimi utaendelea kuyaita maziwa, lakini yamekwisha kuwa kitu kingine. Atakayelielewa neno hili ataepukana na hasara tatu: hasara ya sabuni kuharibika, hasara ya mtoto kudhurika, na hasara ya kumuuzia mwenzake ahadi isiyokuwa ya kweli. Ya kati ndiyo kubwa kuliko zote.

Sabuni hupatikana vipi

Sabuni ni matokeo ya mafuta kukutana na alikali kali. Alikali itumikayo kwa sabuni ya kipande ni kostiki soda, ambayo huuzwa ikiwa chembe nyeupe au vipande bapa mfano wa magamba. Magadi tunayoyajua jikoni ni jamaa yake wa mbali na mpole. Hayawezi kuifanya kazi hii. Wala haifai kutumia dawa za kuzibulia mabomba, kwa kuwa baadhi yake zimechanganywa na vitu vingine, na hata vipande vya alumini.

Kostiki haichanganyiki sawasawa na mafuta mpaka iyeyushwe kwanza katika kimiminika, na kwa kawaida kimiminika hicho ni maji. Baada ya hapo mafuta na kostiki hubadilishana na kumalizana, na kinachobakia ni vitu viwili vipya: sabuni na gliserini. Kipimo kikiwa sahihi, hakuna kostiki inayosalia katika kipande kilichokomaa. Kipimo kikizidi, kostiki iliyosalia huunguza ngozi.

Ni vyema tukumbuke kwamba maziwa si sharti la sabuni njema. Sabuni za Nablus, Palestina, na za Halab, Syria, zimesifika kwa karne nyingi, na Desemba 2024 UNESCO iliuingiza ufundi wa miji hiyo miwili katika orodha yake ya turathi za wanadamu. Msingi wa sabuni hizo ni mafuta ya zeituni, alikali na maji, na Halab huongeza mafuta ya mti wa ghar. Maziwa hayamo. Kilichozipa heshima ni mafuta mazuri, mkono uliozoea na subira ya kuziacha zikauke.

Basi maziwa yanaongeza nini? Maziwa ya ng'ombe na ya mbuzi ni maji kwa takriban sehemu 87 katika kila 100, na ndiyo sababu yanaweza kushika mahali pa maji. Sehemu zilizobaki ni mafuta, protini na sukari ya asili. Mafuta ya maziwa hugeuka sabuni pamoja na mafuta mengine, na yakizidi kidogo huipa sabuni ulaini. Sukari hulisaidia povu, lakini ndiyo hiyo hiyo inayogeuka kahawia inapokutana na kostiki na joto. Protini nazo zikivunjwa na kostiki hutoa harufu kali inayofanana na ya amonia. Harufu hiyo humtisha anayeanza, ila hupungua na kwisha kadiri sabuni inavyokauka.

Tofauti kati ya maziwa ya mbuzi, ya ng'ombe na ya ngamia ni ndogo kuliko inavyotangazwa. Tumia yaliyo karibu nawe, mabichi au ya pakiti, mradi yawe freshi. Maziwa lala yana asidi ambayo hula sehemu ya kostiki, na mabonge yake hutatiza mchanganyiko, hayamfai anayejifunza. Tui la nazi, ambalo sisi watu wa Pwani tunalo karibu zaidi, hufuata kanuni zile zile, ila litumike tui jepesi, kwa kuwa tui zito lina mafuta mengi.

Siri yake ni ubaridi

Kostiki inapoingia katika kimiminika huzalisha joto kali kwa ghafla. Maji ya kawaida hupanda hadi kuunguza mkono katika dakika chache, na hayo hayadhuriki. Maziwa hudhurika. Yakipata joto hilo, sukari yake huungua, rangi huwa ya machungwa kisha kahawia, protini huganda, na harufu yake hujaa nyumba nzima. Hiyo ndiyo sababu ya yale malalamiko tuliyoyataja mwanzo.

Dawa yake ni kuyagandisha maziwa kwanza. Yapime, yatie katika vibati vya barafu, uyaache katika friza usiku kucha. Siku ya kazi, yatoe na uyaponde kidogo yawe kama theluji. Barafu ile italipokea joto la kostiki na kulimeza. Nasi wenye kuishi katika joto la Mombasa, Malindi na Lamu tuna haja zaidi ya tahadhari hii: chagua saa za baada ya Swala ya Alfajiri, jiko likiwa bado na ubaridi na watoto wakiwa wamelala. Miezi ya kusi ni rahisi zaidi kuliko miezi ya kaskazi. Umeme ukikatika na maziwa yakayeyuka, ahirisha kazi mpaka yagande tena.

Vifaa na kipimo

Sufuria nyingi za nyumbani kwetu ni za alumini, na alumini ni adui wa kostiki: hulika, hutoa povu na gesi inayoshika moto. Tumia chombo cha chuma kisichoshika kutu au cha plastiki ngumu inayostahimili joto. Mwiko wa mbao hulika pia baada ya muda. Afadhali kijiko cha chuma kisichoshika kutu au cha silikoni. Vyombo hivi viwekewe alama na visirudi tena kwenye chakula. Utahitaji pia mizani ya dijitali inayopima gramu, kipimajoto, blenda ya mkono, na kijisanduku cha mbao kilichotandikwa karatasi ya kuokea.

Mwenye kufanya kazi avae glavu ndefu za mpira, miwani inayoyafunika macho pande zote, viatu vilivyofunika miguu, na nguo ya mikono mirefu iliyobana. Mikono mipana ya buibui na ncha za ushungi zinazoning'inia zifungwe au ziwekwe kando, kwani huchovya bakulini bila ya mtu kutambua. Madirisha yaachwe wazi.

Hiki hapa kipimo cha kilo moja ya mafuta: mafuta ya nazi gramu 300, mafuta ya zeituni gramu 400, mafuta ya mawese gramu 300, kostiki soda safi gramu 142, na maziwa yaliyogandishwa gramu 290. Vyote vipimwe kwa uzito, hata maziwa. Kikombe na kijiko si mizani.

Tungependa msomaji aelewe hesabu hii ilikotoka, asije akaibadilisha kwa kukisia. Kila aina ya mafuta ina kiasi chake cha kostiki. Gramu 1000 za mafuta ya nazi huhitaji takriban gramu 183, za zeituni takriban 135, na za mawese takriban 142. Kwa mchanganyiko wetu jumla inakuwa kama gramu 151. Sisi tumetia 142 kwa makusudi, ili mafuta kidogo yabakie bila ya kugeuzwa na ngozi ipate afueni.

Sasa chukulia mama amekosa mafuta ya nazi, akaweka gramu 300 nyingine za zeituni bila ya kugusa kostiki. Mafuta yake mapya yanahitaji gramu 137 tu, naye ametia 142. Gramu 5 za kostiki zitabaki ndani ya sabuni zikisubiri ngozi ya mtu. Kubadilisha mafuta ni ruhusa, lakini hesabu ibadilike nayo.

Hatua kwa hatua

Kwanza, yayeyushe mafuta kwa moto mdogo, kisha uyaache yapoe hadi nyuzi 35 au 38 hivi.

Pili, weka bakuli la maziwa yaliyoganda ndani ya beseni lenye maji na barafu. Nyunyiza kostiki kidogo kidogo, kijiko kimoja baada ya kingine, huku ukikoroga, kwa muda wa dakika 10 hadi 15. Kanuni isiyovunjwa ni kwamba kostiki ndiyo inayotiwa katika kimiminika. Kimiminika hakimwagwi juu ya kostiki, kwa kuwa huweza kuchemka ghafla na kuruka. Joto likipita nyuzi 35, simama kwanza mpaka lipoe. Rangi ya manjano hafifu ni ya kawaida. Ukiona nyuzi nyuzi nzito, hayo ni mafuta ya maziwa yaliyoanza kugeuka sabuni. Hakikisha tu kwamba hakuna chembe ya kostiki iliyobaki bila ya kuyeyuka, kisha upitishe mchanganyiko katika kichujio cha chuma kisichoshika kutu unapoutia kwenye mafuta.

Tatu, changanya kwa blenda ya mkono, ukiiwasha na kuizima, mpaka mchanganyiko uwe mzito kama uji mwepesi na tone linalodondoka liache alama juu yake. Hapo mimina katika kijisanduku.

Nne, usikifunike kwa blanketi kama wafanyavyo baadhi ya watu kwa sabuni ya maji. Sukari ya maziwa huongeza joto ndani ya sabuni, nayo inaweza kupasuka au kufura na kumwagika. Iweke mahali pa baridi zaidi, na ukiweza, ndani ya jokofu kwa saa 24.

Tano, baada ya siku moja au mbili ikate vipande ukiwa bado umevaa glavu. Vipange kwa nafasi mahali penye hewa na kivuli, uvigeuze kila baada ya siku chache, na uvingoje wiki 4 hadi 6. Majira ya masika, hewa ikiwa na unyevu, ngoja zaidi. Wenye kutaka sabuni ya Idd na waanze katikati ya Shaaban: siku zilizobaki za mwezi huo pamoja na za Ramadhani zinatosha wiki sita.

Ipo pia njia nyepesi kwa anayeanza. Iyeyushe kostiki yote katika maji baridi gramu 150, uache yapoe kabisa. Kisha chukua maziwa baridi gramu 140, uyakorogee vijiko viwili vya maziwa ya unga, na uyatie katika mafuta kabla ya kuongeza yale maji ya kostiki. Kwa njia hii maziwa hayakutani na kostiki peke yake, na sabuni hutoka na rangi nyeupe zaidi. Ila maji hayo ya kostiki ni makali mno, na tahadhari yake iwe maradufu.

Kipande chochote kitakachoonekana na chembe nyeupe ngumu ndani, au mfuko wa majimaji, kisitumike mwilini wala kisigaiwe mtu.

Kwa macho ya mtoto

Hapa ndipo tunapowaomba wasomaji wetu watulie na wasome mara mbili. Kostiki ni hatari katika kimiminika chochote, lakini katika maziwa ina hatari ya ziada: inajificha ndani ya kitu ambacho mtoto anakijua, anakipenda, na amefundishwa na mama yake mwenyewe kukinywa.

Bakuli la maziwa yaliyotiwa kostiki linafanana na bakuli la maziwa. Vipande vya maziwa vilivyo katika friza vinafanana na barafu anazonunua akitoka madrasa. Sabuni iliyomiminwa jana na kukatwa leo, ikiwa na rangi ya krimu na kingo zilizonyooka, inafanana na barfi au halua ya maziwa kwenye sinia. Mtoto wa miaka mitatu hatofautishi, na mzee mwenye uoni hafifu huenda asitofautishe. Kostiki huunguza mdomo, koo na umio kwa muda mfupi sana, na makovu yake huweza kumzuia mtu kumeza chakula kwa miaka mingi, na huweza kuua.

Kwa hivyo, yawe haya ni masharti ya nyumba. Kazi hii isifanywe watoto wakiwa macho jikoni. Chombo chenye mchanganyiko kisiachwe peke yake hata kwa muda wa kujibu hodi mlangoni. Kostiki iliyobaki ikae katika chombo chake cha asili chenye maandishi, kimefungwa, ndani ya kabati lenye kufuli. Isihamishiwe kamwe katika chupa ya soda, ya maji wala ya maziwa. Sabuni ikiwekwa katika jokofu, iwe ndani ya boksi lililofungwa, limeandikwa SUMU kwa herufi kubwa, na kila mtu wa nyumba aelezwe, pamoja na binti wa kazi na wageni. Asiye na rafu ya juu na kufuli, basi asubiri watoto wakue, au akafanye kazi hii kwa jirani asiye na watoto wadogo. Sabuni hununuliwa dukani. Koo la mtoto halinunuliwi.

Ikitokea ajali, Mwenyezi Mungu atuepushe, yafanyike yafuatayo. Kostiki ikimwagikia ngozi, vua nguo iliyolowa na umwagie maji mengi yanayotiririka kwa dakika 20 au zaidi. Usipake siki wala ndimu kwa kudhani kwamba asidi itaiua alikali. Mchanganyiko huo huzalisha joto jipya juu ya jeraha. Ikiingia jichoni, liweke jicho wazi chini ya maji yanayotiririka kwa muda huo huo, kisha hospitali bila ya kuchelewa, hata kama maumivu yamepungua. Ikimezwa, usimtapishe, kwani itaunguza tena ikirudi. Msukutue mdomo, umkimbize hospitali mara moja, na uchukue chombo cha kostiki ili daktari akione. Ada yetu ya kumnywesha maziwa kila aliyekula sumu isitumike hapa kwa kulazimisha. Kinachohitajika ni daktari.

Ukweli wa jina

Tukirejea kwa wale wanaokusudia kuuza, neno letu lile lile linawahusu. Maziwa yaliyogeuka sabuni hayabaki na kazi za maziwa. Hayalishi ngozi kama yanavyolisha mwili, wala hayatibu ukurutu, mba, chunusi au mabaka. Sabuni halisi ya kipande, iwe na maziwa au isiwe nayo, ina pH ya 9 hadi 10 hivi, ilhali ngozi ya mtu ni ya asidi kidogo, karibu na 5. Maziwa hayabadilishi jambo hilo. Kinachohisiwa kuwa ni ulaini ni mafuta yaliyobakizwa na gliserini isiyoondolewa, na hayo ni mazuri, lakini si tiba. Mama mwenye mtoto mwenye ukurutu akiambiwa kwamba kipande hiki kitamponya, atakinunua kwa pesa ya daktari. Hiyo si biashara.

Vile vile ni juu ya muuzaji kuandika viungo vyote. Wapo watu wenye mzio wa maziwa, na wapo wenye mzio wa nazi au wa mafuta ya manukato. Uzito uandikwe baada ya sabuni kukauka, kwa kuwa kipande hupungua kadiri maji yanavyotoka. Anayepima siku ya kukata na kuuza baada ya wiki sita amempunja mnunuzi, na sote tunajua uzito wa kupunja mizani katika dini yetu. Anayetaka kuingiza bidhaa yake madukani aanze kwa kuuliza katika ofisi za KEBS juu ya alama ya ubora kabla ya kuchapisha karatasi za kufungia.

Kuna jambo la mafuta pia. Sabuni nyingine hutengenezwa kwa shahamu ya wanyama. Katika orodha ya viungo, jina "sodium tallowate" huashiria shahamu, aghlabu ya ng'ombe au kondoo, na "sodium lardate" huashiria mafuta ya nguruwe. Anayetengeneza mwenyewe kwa nazi, zeituni na mawese ameiondoa shaka hiyo nyumbani kwake, na hii ni moja katika faida kubwa za ufundi huu kwa familia ya Kiislamu.

Tahadhari ya mwisho ni juu ya sabuni ya maji. Mtu akichukua sabuni ya maji ya kawaida na kuikorogea maziwa, hakutengeneza sabuni ya maziwa. Maziwa hayo hayakugeuzwa na kitu. Yatachacha chupani na kuzaa vijidudu. Maziwa yana nafasi katika sabuni ya kipande iliyopitia kostiki na kukomaa, si kwingineko.

Je, si israfu?

Swali hili ni la haki, na linaonyesha moyo unaojali neema. Gramu 290 ni zaidi kidogo ya bilauri moja, na kipimo chetu hutoa vipande 12 hivi vya gramu 100. Hukumu ya jambo tunawaachia masheikh wetu. Sisi tunasema la mpangilio wa nyumba: kikombe cha mtoto, cha mama anayenyonyesha na cha mgonjwa hutangulia. Ikiwa maziwa ya nyumba hayatoshi chai ya asubuhi, tengeneza sabuni kwa maji, itasafisha sawasawa. Ikiwa una mbuzi wanaotoa kuliko mnavyokunywa, na mengine huishia kumwagwa, basi hapo maziwa yamepata kazi njema.

Wapenzi wasomaji, hatukukusudia kumkatisha tamaa yeyote. Mkono wa mama unaoweza kutia tui bila ya kulikata, na kupika halua bila ya kuiunguza, unaweza kutengeneza sabuni ya maziwa iliyo safi. Tunachowaomba ni kuugandisha ubaridi kabla ya haraka, kuiamini mizani kuliko jicho, kuifunga kabati kabla ya kufungua paketi, na kuandika juu ya sabuni kile tu kilichomo ndani yake.

Mwenyezi Mungu atubarikie katika kazi za mikono yetu, awahifadhi watoto wetu, na aifanye riziki yetu kuwa ya halali na yenye manufaa. Amin.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.